Kona ya Mjomba

Jino lililonitesa kuliko yote maishani lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto, na liliniuma zamani sana, nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, ingawa nilikuwa mzito na bibi yangu alilalamika njia nzima. Meno mengine yaliuma baadaye, na sasa nimebakiwa na machache yasiyo na kazi ila kuonekana nikicheka, lakini ni lile la kwanza ninalolikumbuka. Shavu lilivimba kama nimeficha embe changa. Mama alishindwa na kilio changu, ndipo bibi akanichukua kwenda ng'ambo ya mlima kwa mzee mmoja aliyekuwa anang'oa meno kwa kipande cha chuma na kirungu cha mpera. Malipo yake yalikuwa kuku. Kuku huyo bibi alimshika miguu kwa mkono mmoja, mkono wa pili ulinishika mimi matako, na fimbo ya kujitegemeza sijui aliishika kwa mkono upi. Njia zetu za Uluguru hupanda wima. Mgeni akiiona njia yetu kwa mbali hudhani ni mkwaruzo mlimani.

Tukafika penye msitu wa ukoo. Bibi akanitua chini, akasokota ncha ya kaniki yake, akanitia kinywani. Akasema, "Ng'ata. Hapa hakuliliwi."

Nikang'ata, na jino likazidi kuuma, machozi yakawa yananitoka kimya kimya. Ndani ya msitu ule wamelala wazee wetu tangu wa kwanza waliofika kutafuta maji na kukimbia vita. Miti yake haikatwi, hata kijiti cha kuchokolea meno. Mtu hapiti akiimba wala hamwiti mwenzake kwa jina, na akisikia kitu nyuma yake hageuki. Vyungu vidogo vya tambiko vilikuwa kwenye mizizi, vingine vimeota kuvu. Mimi sikuogopa vyungu. Nilichoogopa ni shingo ya bibi. Nilipobebwa tena niliiona kwa karibu, ikitoka jasho, na kulikuwa na baridi. Mtoto akimwona mkubwa wake anaogopa, basi woga huo hautoki tena. Mimi haukunitoka.

Jino liling'olewa. Kuku alimponyoka yule mzee akaingia kwenye migomba, na waling'ang'aniana hapo wakati mimi natema damu, bibi anacheka mpaka ameshika mbavu. Lakini kurudi tulipita njia nyingine, ya mbali.

Nimeanza na jino kwa sababu ukiniuliza habari za baiskeli ya Mjerumani, akili yangu huanza pale penye msitu, na msitu niliingia mara ya kwanza kwa ajili ya jino.

Sasa niseme habari ya mjomba. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na ardhi ni ya upande wa mama, kwa hiyo mwenye amri juu yako ni kaka wa mama yako. Baba yako ni mtu mzuri tu anayelima hapo. Mjomba wangu ndiye aliyeachiwa msitu ule na wazee waliomtangulia. Hakuna shoka lililoinuliwa mle bila neno lake, na yeye neno hilo hakupata kulitoa. Alikuwa Mwislamu, aliswali na kufunga, tena tambiko hakuliacha. Akiulizwa na mwalimu wa Kurani alisema kila mwenye nyumba huamkiwa kwenye mlango wake. Halafu Wajerumani walipokwisha kujenga boma lao Morogoro wakamtaka awe jumbe wao wa kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi. Akawa na mabwana wawili, walio juu ya ardhi na walio chini yake. Alikonda tangu siku hiyo. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono laini kwa mkulima, na mlango ukigongwa kwa nguvu chai ilimmwagikia.

Akaja Mjerumani wa misitu. Kazi yake ilikuwa kuhesabu miti ya serikali, na alitaka barabara ya kutoka mjini mpaka juu penye mashamba yake ya kujaribia mbegu. Hakutaka njia kama yetu. Alitaka barabara inayozunguka mlima polepole, pana, isiyo na jiwe. Akapita na watu wake akipigilia vigingi vyenye vitambaa vyeupe, na kila kigingi kilipopigiliwa, jumbe wa mahali hapo alitakiwa atoe watu wachimbe kukifuata. Vigingi vikafika kwetu. Vikateremka kutoka juu moja kwa moja na kuingia msituni kwa wazee.

Siku ile mjomba aliitikia tu, "Ndiyo, Bwana." Kisha Mjerumani akashikwa na homa akateremshwa mjini, na mjomba akaenda asubuhi akang'oa vile vigingi mwenyewe, akavihamisha. Barabara yetu ikafika ukingoni mwa msitu, ikageuka kushoto, ikauzunguka ikaendelea na safari yake kule mbele. Sisi tulioichimba tuliona imekaa vizuri. Nitakwambia kosa letu, nalo hufanywa na watu wa mlimani tu: tuliikata kona ile kwa kipimo cha mguu. Mguu haujui kona. Mti ukianguka njiani sisi huuzunguka, na njia hubaki imepinda hata mti ukishaoza, na mjukuu atapinda hapohapo asijue anazunguka nini. Gurudumu hatukuwa tumeliona kwetu. Kona ikawa kali kama kiwiko, tena mwisho wa mteremko mrefu.

Mjerumani aliporudi, bado amekonda kwa homa, akauliza mbona imepinda. Mjomba akamjibu kwamba tulikuta jabali, kubwa, limejificha chini ya majani, majembe yamevunjika. Yule bwana akatazama msitu, giza limejaa mle, hakuwa na nguvu ya kuingia. Akasema, "Haya." Mjomba alirudi nyumbani akatapika.

Sasa barabara ikaisha, na ikawekewa amri. Mtu wa kawaida asiipite na mzigo, mbuzi wasikanyage, ng'ombe wasionekane, maana mvua na kwato zingeiharibu. Wanawake wakaendelea kupanda na mitungi na vikapu vyao kwenye njia ya zamani ya kukata pumzi, na chini yao barabara imelala nyeupe, safi, haina mtu. Sijapata kuona kitu cha kutisha kama njia nzuri isiyo na watu. Njia yetu ya zamani ina kikohozi, ina mtu anayekuamkia, ina ganda la ndizi. Ile ilikuwa kimya tu, na ukiipita unasikia miguu yako mwenyewe, halafu unaanza kudhani si yako.

Ndipo baiskeli ikaja. Ilifika Morogoro kwa gari la moshi, imefungwa kwenye sanduku, na siku hizo hatukuwa na jina lake, tulisema kigari. Mjomba alisikia habari kwamba Bwana wa misitu atakuwa anapanda na kuteremka barabara yake juu ya magurudumu mawili. Alikwenda kuiona. Aliporudi aliniita. Nilikuwa nimeoa tayari, nina shamba langu, nina mapafu yangu. Akanieleza kwamba Bwana anataka watu wawili wa kukimbia na kigari, kukivuta kikipanda na kukizuia kikiteremka, na kwamba ameshanitoa mimi.

Nikauliza kwa nini mimi, kuna vijana wasio na wake.

"Kwa sababu ya kona," akasema. "Kigari hakigeuki kama mtu. Akishindwa kukata kona ataingia msituni. Akifa mle, nitanyongwa. Akipona, ataona hakuna jabali. Wewe ni mtoto wa dada yangu. Ukishika kamba, usimwachie pale."

Basi kazi yangu ikawa hiyo. Wengine husema walifanya kazi ya Mjerumani ya kubeba mizigo, ya reli, ya mashamba ya mpira. Mimi nilifanya kazi ya kona.

Mwenzangu alikuwa mtani wetu, wa ukoo ule ambao tukifiwa sisi wao ndio huchimba kaburi na kutukejeli mbele ya maiti. Alikuwa na miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi. Kupanda, mimi nilitangulia na kamba kifuani kama punda, yeye akisukuma kiti kwa nyuma, Bwana akikanyaga katikati yetu, uso mwekundu. Kuteremka ndiko kulikokuwa na ufundi. Kigari kilikuwa na breki, kipande cha mpira kilichogusa gurudumu la mbele, lakini kwa milima yetu kile kilikuwa kama kumzuia ng'ombe kwa uzi. Kwa hiyo juu kabisa tulikata tawi kubwa lenye majani, tukalifunga nyuma ya kigari kwa kamba, likawa linaburuzika na kukizuia. Mimi nilikimbia nyuma ya tawi na kamba ya pili mkononi. Mtani alikimbia nyuma yangu akila vumbi na kulalamika.

Kazi hiyo ilikuwa na uzuri wake, sitasema uongo. Kuna mahali ukungu unafunguka unaona bonde lote, mto Ngerengere unang'aa huko chini na mji wa Morogoro umekaa kama ushanga uliomwagika. Bwana alipenda kusimama pale. Mara moja alinipa maji kwenye kikombe chake. Lakini mimi sikufaidi. Tangu tunakata tawi, akili yangu ilitangulia chini, kwa sababu nilijua kila mteremko tunaoumaliza unatuleta karibu na kona. Nilijifunza alama: mti ulioanguka, kisima cha nyani, ukingo wa udongo mwekundu, halafu miti inaanza kuwa mirefu na hewa inakuwa baridi. Hapo nilijitupa nyuma kwa uzito wote, visigino vinachimba, kamba inanichuna viganja, na kigari kinageuka polepole kama mzee anayekaa kitini. Kikishapita ndipo nilipumua. Viganja vyangu mpaka leo vina mistari ambayo sikuzaliwa nayo.

Mtani alijua yote, maana nao ni watu wa mlimani. Alinidhihaki njia nzima. "Nyie ukoo wenu mnaogopa maiti zenu," alikuwa akisema. "Za kwetu zikizikwa zinalala. Za kwenu mmezilea vibaya." Nami nilimjibu kwamba za kwao hazilali, zinakimbia madeni. Tukifika penye miti mirefu alinyamaza. Nilisikia pumzi yake tu. Hilo lilinitisha kuliko maneno yake.

Kitu kibaya kuliko vyote kilikuwa kengele. Bwana alikuwa na kengele kwenye usukani, na akipata mwendo aliipiga. Sasa alimpigia nani, barabara haina mtu? Ilikuwa furaha yake tu. Lakini kengele ilikuwa ikilia penye ukingo wa msitu ambapo mtu hakohoi, na sauti ile iliingia ndani mle haraka, na mimi nilikuwa nikisubiri itokee nini. Nilimwambia mjomba habari ya kengele. Akaniuliza kama mle ndani kulijibiwa kitu. Nikasema hapana. Akasema hilo ndilo linalomsumbua.

Msimu mzima wa kiangazi ulipita hivyo, na sehemu ya mvua za vuli. Halafu ikaja asubuhi moja ya ukungu. Bwana alikuwa amelala juu penye mashamba yake, na alitaka kuwahi gari la moshi la kwenda Dar es Salaam. Tulikata tawi kama kawaida, lakini lilikuwa limelowa mvua, zito, likazoa matope na kigari kikawa hakiendi. Bwana akakanyaga, akateremka, akasukuma, akapanda tena. Akatazama saa yake. Tulipofika penye mti ulioanguka akasimama, akatoa kisu mfukoni, akakata kamba ya tawi mwenyewe. Akanyoosha mkono nimpe na ya kwangu.

Sikumpa. Nilishika tu. Nikasema, "Bwana, mbele kuna kona."

"Kona naijua," akasema. Akaikata kamba karibu na vidole vyangu.

Ni kweli aliijua, alikuwa ameipita mara nyingi. Ila aliijua ikiwa na mimi nyuma yake. Akapanda, akajisukuma kwa mguu, na ukungu ukammeza. Mimi na mtani tulikimbia, kipande cha kamba bado nimekishika, sijui kwa nini. Tulisikia magurudumu yakikoroma kwenye kokoto. Tukasikia kengele. Ililia mara ya kwanza mbali, mara ya pili mbali zaidi, na ya tatu ikakatika katikati.

Mtani alisimama. Mimi pia. Nilitaka kugeuka nirudi juu, nimchukue mke wangu tuhame, na ukweli ni kwamba miguu ilikwisha kugeuka. Mtani akanishika shingoni. Hakufanya mzaha. Akasema tu, "Ni shingo ya mjomba wako," akanisukuma mbele.

Penye kona barabara ilikuwa tupu. Mstari wa gurudumu ulikuwa umekwenda moja kwa moja, umevuka ukingo, umeingia msituni. Tukaufuata. Nilikuwa sijaingia mle tangu siku ya jino. Mwanga ulikuwa wa kijani na maji yalikuwa yakidondoka kutoka majani ya juu. Tuliona kigari kwanza, kimelala ubavu, gurudumu moja limekunjika kama chapati. Halafu tukamwona yeye. Alikuwa ameketi kwenye majani yaliyooza, rundo la majani ya miaka na miaka, laini kama godoro. Mkono mmoja ulikuwa umening'inia vibaya. Vyungu vya wazee vilikuwa vimevunjika pande zote, na unga wa tambiko ulikuwa umemwagika kwenye suruali yake. Alikuwa hai, na aliokoka kwa sababu aliangukia mahali laini, mahali ambapo kama mjomba angekuwa amesema kweli angelikuta jiwe na kupasuka kichwa.

Naye alilijua hilo kabla yetu. Alikuwa akigusa ardhi kwa mkono wake mzima, huku na huku, kama mtu anayetafuta kitufe kilichoanguka. Akatutazama.

"Jabali liko wapi?" akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Mimi nikatazama chini. Bwana akaokota kipande cha chungu, akakinusa, akatazama miti, na niliona usoni mwake kwamba ameelewa kila kitu, vigingi, kona, kamba, hata mimi.

Tulimtoa kwa kumshika kwapani, akiguna. Watu wakaitwa, machela ikafungwa, wakamteremsha mjini. Kabla hawajamwinua aliniita karibu. Akasema kesho jumbe aje bomani, na watu wa ukoo wake waje na mashoka na majembe, barabara inyooshwe pale vilipokuwa vigingi. Akafumba macho. Machela ikaondoka, na mtani akaenda nayo, maana alishika mti mmoja wa mbele.

Mimi nikashuka kwa mjomba. Ilikuwa mchana, anapukuchua mahindi uani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea kupukuchua, na mimi nikawa naeleza. Niliposema Bwana ameingia msituni, mikono yake ilisimama. Niliposema yu hai, akafunga macho. Niliposema mashoka, akamwaga mahindi yote chini, si kwa hasira, aliinuka tu amesahau ungo mapajani.

Nikamwambia hawezi kunyongwa kwa ajili ya kona, labda viboko hamsa ishirini, labda kifungo cha mnyororo miezi kadhaa, watu wamepata hayo wakarudi. Nilikuwa nabahatisha. Nilikuwa nataka aseme tutajua la kufanya, kama alivyozoea kutuambia.

Akaniambia nikae. Kuna kuku walikuwa wanakuja kula mahindi yaliyomwagika, hakuwafukuza.

"Mimi mwoga, mpwa wangu," akasema. "Wewe unajua. Dada zangu wanajua. Wakinichapa nitasema kateni. Neno la kukata ni langu, watalitoa mdomoni mwangu kwa kiboko, na nikishalisema limesemwa, hata nikilia baadaye. Nisipokuwepo hakuna wa kulisema. Wewe huna neno hilo, mama yako hana. Wakiwauliza, semeni jumbe alidanganya peke yake na amekimbia. Mtu aliyekimbia hubeba makosa ya wote."

Nikamuuliza atakwenda wapi. Hakujibu, na sasa naona alifanya vyema, maana waliponiuliza bomani sikuwa na cha kuficha, na waliniuliza sana.

Aliswali adhuhuri palepale uani, polepole, hakuruka kitu. Akavaa kanzu yake ya Idi, akachukua fimbo, hakuchukua kingine. Mama yangu alitoka jikoni na mikono ina unga, akamwona, akarudi ndani. Nilimfuata mjomba mpaka mwisho wa migomba. Nilidhani atashika njia ya zamani, ya wanawake na mitungi, yenye vichaka vya kujificha. Akapanda ukingo, akaingia barabara ya Bwana. Alitembea katikati yake, mtu peke yake kwenye njia ile pana, ukungu umekwisha kutoka na jua limeiwakia. Alipofika kwenye kona hakuukwepa msitu wala hakuuingia, alifuata mzunguko wake mwenyewe jinsi alivyouchora, taratibu, fimbo ikigusa kokoto. Nikaona kanzu. Halafu nikaona miti tu.